Vidato vya Kushukia

Nyuma ya nyumba tuliyokulia, kule Pangani, palikuwa na minazi sita, na kila baada ya miezi mitatu alikuja mkwezi mmoja mzee kutuangulia nazi. Sisi watoto tulimwita Babu, ingawa hakuwa na udugu nasi. Alikuwa akivua shati, anakaza kikoi, anachomeka panga kiunoni, anavaa kamba begani, kisha anatia mguu kwenye kidato cha kwanza. Vidato ni yale mapengo madogo yanayochongwa kwenye shina la mnazi, moja huku na moja kule, ili mguu upate pa kukanyaga. Tulimshangilia mpaka akawa mdogo kule juu kati ya makuti.

Akiwa juu, kazi yake aliigawa mara mbili. Nazi zilizokomaa alizikata akaziacha zianguke, na sisi tulifukuzwa tukae mbali. Madafu hakuyaacha yaanguke, kwa kuwa dafu likipiga chini hupasuka, maji yake yakanywewa na mchanga. Aliyafunga kwa kamba akayashusha taratibu, mpaka mtu aliyesimama chini akayapokea kwa mikono miwili. Mti ni mmoja na mikono ni ileile, lakini vilivyokuwa juu vilifika chini kwa njia mbili: kimoja kwa kuanguka, kingine kwa kushushwa.

Mwisho alishuka yeye mwenyewe, na wakati huo watoto tulikuwa tumeshatawanyika, tumeng'ang'ania madafu. Siku moja nilibaki kumtazama. Uso wake ulikuwa umekaribia shina mpaka pua karibu iguse gome, kwa hiyo hakuweza kuona anapokwenda kukanyaga. Mguu mmoja ulining'inia hewani, ukapapasa, ukakitafuta kidato, ukakipata, ukakijaribu kwa uzito kidogo, ndipo mguu wa pili ukaachia ulipokuwa. Alitumia muda mrefu kuliko aliotumia kupanda. Alipofika chini nikamwuliza kwa nini anapanda mbio na kushuka polepole. Alifuta jasho akaniambia, "Mjukuu wangu, kupanda macho yanakusaidia. Kushuka unaachiwa mguu peke yake."

Miaka imepita, minazi ile imezeeka, naye Babu ametangulia mbele ya haki. Lakini neno lake limekataa kuniacha, na kadiri ninavyoongezeka umri ndivyo ninavyoona kwamba alinipa somo ambalo shuleni sikulipata.

Shuleni tulilikuta neno lake, lakini bila mnazi wake. Vijana wanaosoma kidato cha kwanza, cha pili, cha nne na cha sita wanatumia jina la yale mapengo ya kwenye shina. Waliotafuta neno la kuitia madarasa ya sekondari walimtazama mkwezi, wakaona elimu ni mti, na kila mwaka ni pengo moja la kupandia. Ni mfano mzuri, na ninawashukuru. Tuliusahau upande wake mmoja tu: kidato hakichongwi kwa ajili ya kupanda peke yake. Mkwezi akikichonga anajua kwamba mguu uleule utakihitaji wakati wa kurudi. Sisi tumewafundisha watoto vidato sita vya kwenda juu, na hatukuwafundisha hata kimoja cha kushukia.

Ukitaka kujua watu wamelifikiria jambo kiasi gani, hesabu maneno waliyolipa. Waingereza wana kitenzi kimoja kifupi, fall, ambacho wanakibebesha karibu kila safari ya kwenda chini. Kwa neno hilohilo, tunda linatoka mtini, serikali inapinduka, askari anafia vitani, bei inapungua, mtu anapatwa na usingizi na mwingine anapatwa na mapenzi. Marekani wanauita hivyo hata ule msimu wa majani kukauka na kutoka mitini. Lugha yao ina utajiri wake, na mtu wa huko husikia tofauti hizo kwa sikio la mzawa. Lakini Kiswahili hakikukubali kuzimwaga zote kikapu kimoja.

Kwetu embe hudondoka, majani hupukutika, ukuta huporomoka, mguu hutumbukia shimoni, chombo huzama, ndege hutua, jua huchwa. Usingizi wenyewe humchukua mtu, na mapenzi humwingia. Kila kitu kimepewa njia yake ya kwenda chini kulingana na uzito wake, na namna kilivyoshikwa kabla hakijaachiliwa. Na katikati ya maneno hayo yote yamesimama mawili ambayo mtoto wa miaka mitatu hayachanganyi: kuanguka na kushuka. Mwambie, "Umeshuka kitandani?" atakubali. Mwambie, "Umeanguka kitandani?" atakukatalia kwa hasira, kwa sababu ameona umemvunjia heshima. Amefika chini palepale, lakini anajua kwamba hakufika kwa njia hiyo.

Anguka limezaliwa na angua, kama pasuka lilivyozaliwa na pasua. Nazi huanguka kwa sababu kuna aliyeiangua, au kuna upepo, au kuna kikonyo kilichooza. Anayeanguka amefanyiwa jambo. Kushuka ni tendo la mwenye miguu yake. Wajenzi wa majahazi, kama wale wa Nungwi na wa Lamu, wana neno jingine linalofanana nalo kama ndugu: kushua. Chombo kikishajengwa juu ya mchanga, mbavu zimeunganishwa na kalafati imepigwa, siku inafika watu wanakusanyika kukisukuma mpaka kinaingia baharini. Huko ndiko kukishua. Chombo kinatoka pwani pa juu kinakwenda chini kwenye maji, na hakuna anayesema kimepoteza hadhi. Ndiyo kwanza kimeanza kuwa jahazi.

Neno shuka lenyewe limebeba mengi, na mengi kati ya hayo ni ya faraja. Kwenye daladala, konda akiuliza kama wa kituo fulani wapo, abiria hujibu "Shusha!" kwa sauti ya mtu aliyefika. Mgeni akiingia mjini watu huuliza ameshukia kwa nani, maana yake ni nyumba gani iliyompokea, nani aliyemtandikia kitanda na kumpa maji ya kuoga. Mama aliyekesha na mtoto mgonjwa husema alfajiri, "Homa imeshuka," na wote waliokuwa naye hushusha pumzi. Mpagazi hushusha mzigo. Baharia hushusha tanga akiikaribia bandari. Katika yote hayo, kwenda chini ni kufika, ni kupumzika, ni kupokewa.

Sitaki kuficha kwamba neno hilo lina upande wenye uchungu. Timu hushuka daraja, na mashabiki hulia. Shilingi ikishuka thamani, mama ntilie huona unga umepanda na wateja wamepungua. Mkubwa akimkaripia mdogo mbele za watu, tunasema amemshukia, kama mwewe anavyomshukia kifaranga. Na daktari humwonya mgonjwa wa presha ya kushuka kwa uzito uleule anaomwonya nao mwenye presha ya kupanda. Mwili unatufundisha hapo: juu na chini si wema na ubaya. Ubaya ni kitu kuwa mahali ambapo si pake.

Mahali ambapo somo hili linaonekana kwa macho ni Kilimanjaro. Watu hutoka duniani kote kuja kukanyaga kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari. Wanaopita njia ya Machame hutumia siku kadhaa kupanda kidogo kidogo, wakiambiwa "pole pole" kila hatua, na usiku wa mwisho huondoka kambi ya Barafu karibu na saa sita, taa vichwani, ili mapambazuko yawakute kwenye ukingo wa kreta. Wakishapiga picha kileleni, wengi huamini kazi imekwisha. Waongozaji wanajua kwamba imebaki sehemu yenye kuumiza zaidi. Siku hiyohiyo mtu yuleyule aliyekesha akitembea atashuka zaidi ya mita 2,700 mpaka kambi ya Mweka. Magoti yanatetemeka, vidole vya miguu vinagonga ncha ya kiatu, kokoto za volkano zinateleza. Mjini tumezoea kuliita jambo jepesi mteremko. Aliyeshuka Kilimanjaro hatalitumia neno hilo kwa maana hiyo tena.

Kuna jambo jingine ambalo waongozaji wa mlima huo wanalijua. Hewa ya juu ni nyepesi, na wapo ambao miili yao huikataa: kichwa kinapasuka, wanatapika, na hali ikizidi, maji yanajaa mapafuni au ubongo unavimba. Zipo dawa na zipo chupa za oksijeni, lakini tiba kubwa inayojulikana ni moja: kumshusha. Haijalishi kilele kimebaki mita 200, haijalishi amelipa fedha kiasi gani na ameota safari hiyo miaka mingapi. Mwongozaji mwenye moyo humgeuza. Mgonjwa hulia, hubembeleza, wakati mwingine hutukana. Lakini kadiri anavyokwenda chini, ndivyo uso wake unavyorudisha rangi. Kuna hali ambazo kushuka ndiko kupona, na anayekuzuia usishuke kwa kukupenda anakuua.

Na vyeti vya Kilimanjaro havitolewi kileleni. Hutolewa chini, getini, mtu akishasaini kwamba amerudi.

Mlima huo unanipeleka kwenye habari nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, siku Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni na bendera na mwenge. Taifa lilikuwa limepanda mahali pa juu kabisa, na mtu aliyeliongoza mpaka hapo, Julius Nyerere, alikuwa Waziri Mkuu. Hazikupita wiki saba, Januari 1962, Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, yeye akarudi kwa wanachama wa TANU mikoani kukijenga chama na kuyaandika mawazo yake. Wengi walishangaa. Nani anashuka kutoka mahali ambapo ndiyo kwanza amefika? Mwisho wa mwaka huohuo watu walimchagua kuwa Rais wa Jamhuri, na nadhani safari ile ya chini ilimpa macho ambayo asingeyapata akibaki ofisini.

Mwaka 1985 alishuka tena, safari hii moja kwa moja. Tarehe 5 Novemba alimkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi. Kiswahili cha wakati ule kilikuwa na kujiuzulu, kilikuwa na kustaafu, kilikuwa na kupinduliwa. Yeye akachukua neno la Kizanaki, lugha ya mama yake, akalitia kinywani mwa taifa zima: kung'atuka. Ni mtu kuinuka mwenyewe kitini, angali na nguvu, na kumpisha mwingine. Najua alibaki mwenyekiti wa chama mpaka 1990. Najua pia kwamba nchi aliyoiacha haikuwa na neema, kwani wenye umri wangu tunazikumbuka foleni za sukari na sabuni. Simsifu kwa sababu hakukosea. Ninachokiheshimu ni kwamba alikitafuta kidato kwa mguu wake, akakipata, akakanyaga. Alirudi Butiama kulima, na kwa kuwa alishuka mzima, watu waliweza kumwita tena. Miaka ya mwisho ya uhai wake aliitumia kuwapatanisha Warundi, mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999.

Mzee Mwinyi naye, kabla ya kupokea kiti hicho, alikuwa ameshakijua kidato cha kushukia. Katika miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Huko kanda ya ziwa, watu waliokamatwa katika msako wa mauaji ya ushirikina waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Mwinyi hakuwa ameshika fimbo. Hakuwepo hata kwenye mahabusu ile. Lakini wizara ilikuwa yake, akasema dhamana ni yake, akajiuzulu. Siku ile pengine wapo waliosema ameanguka. Alipelekwa ubalozini Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka uliofuata akawa Rais wa Muungano. Sisemi kwamba kila anayeshuka kwa heshima atapandishwa tena. Wengi hawapandishwi. Ninasema kwamba aliposhuka hakuvunjika, na kitu kizima huweza kubeba mzigo tena.

Wapo waliokataa kushuka. Idi Amin aliondoka Kampala Aprili 1979 akikimbia, akafia ugenini Saudi Arabia. Mobutu aliondoka Kinshasa Mei 1997 hali ni mgonjwa, na miezi michache baadaye akazikwa Morocco. Kila mmoja wao alikuwa na miaka ya kutosha ya kutafuta kidato. Wahenga walikuwa wameshasema kwa maneno mafupi: mpanda ngazi hushuka. Methali hiyo haimwachii mtu nafasi ya kuchagua kama atashuka au hatashuka. Inamwachia achague namna. Na kwa anayejisahau, wakaweka nyingine yenye ukali zaidi: aliye juu mngoje chini.

Dini zetu nazo zimelishughulikia jambo hili kwa undani, na Kiswahili kimelipokea kwa adabu. Waislamu wa pwani hawasemi Qur'ani ilitolewa au ilipatikana. Husema imeteremshwa, na ndivyo tunavyosikia mwezi wa Ramadhani, hasa katika kumi la mwisho. Kilicho kitukufu kuliko vyote kimepewa kitenzi cha kwenda chini, na kiliteremka kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23 hivi, kwa kadiri mioyo ilivyoweza kubeba. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipojiwa na wahyi wa kwanza alikuwa juu, katika pango la Hira. Hakubaki huko. Alishuka mlima akitetemeka, akaenda kwa mkewe Khadija, akaomba afunikwe. Wakristo nao wanamkumbuka Musa akishuka Sinai na mbao za mawe mikononi, na wanamkumbuka Yesu akijifunga taulo na kuinama kuwaosha wanafunzi wake miguu. Katika habari hizi zote aliye juu ni mmoja, na kheri inawafikia wengi pale tu mmoja huyo anapokubali kuteremka.

Kutokana na hayo lugha imetupa kujishusha, na hapa nataka nitembee kwa uangalifu, kwa sababu neno hili limetumika vibaya. Kujishusha ni tendo la mtu aliye na kimo. Ni mwalimu anayechutama ili macho yake yalingane na ya mtoto anayelia. Ni kijana msomi anayemwamkia mzee asiyejua kusoma kwa shikamoo, salamu ambayo wengi huieleza kuwa ni kushika miguu ya mwenzako, na mzee akaipokea kwa marahaba kwa kuwa naye aliwahi kuitoa kwa waliomtangulia. Ni mkubwa anayesema "nimekosa" mbele ya wadogo zake. Methali yetu inasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvunguni ndiko vinakohifadhiwa vitu vya thamani katika nyumba nyingi.

Lakini kushushwa ni jambo jingine. Dada wa kazi anayekatazwa kukaa kwenye kiti hajajishusha, ameshushwa. Mke anayelazimishwa kupiga magoti kwa hofu ya kofi hakuonyesha unyenyekevu. Alionyeshwa ukatili. Ukiona mtu anawahubiria unyenyekevu watu walio chini yake tu, ujue anatafuta ngazi ya kupandia. Kujishusha huanzia kwa aliye juu, na dalili yake ya kweli ni kwamba anaposhuka, mwingine huinuka.

Watu wa milimani wanajua pia kwamba kinachoshuka kinahitaji kupangiwa. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliachia, na tope, mawe na magogo yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Tuliyaita maporomoko ya tope, kwa neno lilelile tunalolitumia kwa maporomoko ya maji ambayo watalii huenda kuyapiga picha. Ni kweli kwamba kuna nguvu ambazo mwanadamu hana uwezo nazo, na waliopotea siku ile hawakukosea lolote. Lakini zipo ambazo tunaweza kuzifundisha. Huko Mbinga, Wamatengo walikuta miteremko mikali ya kuwatisha wakulima. Hawakuyaambia maji yasishuke. Walilaza nyasi kwa mistari inayokatana, wakazifukia kwa udongo, katikati ya kila mraba wakaacha shimo. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika fungu lake, maji yanazama polepole, na udongo unabaki mahali pake. Ngoro, ndivyo wanavyoyaita mashimo hayo. Mlima mzima umegeuzwa vidato, na maji hushuka kidato kimoja kimoja kama Babu wa Pangani.

Nimelifikiria hilo sana tangu baba yangu mdogo alipostaafu. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, mtu ambaye akipita uwanjani kelele zilikatika. Baada ya sherehe ya kumuaga, kila asubuhi aliendelea kuvaa suruali ya kupiga pasi na tai, akakaa barazani kama anasubiri kengele. Simu ikaacha kulia. Wale waliokuwa wakimwita Mkuu wakaanza kumwita Mzee, naye neno hilo lilimchoma, kana kwamba si la heshima. Akakonda. Shangazi yetu akawa anasema, "Huyu tutampoteza." Tulidhani ni ugonjwa, kumbe ni mtu aliyeachwa juu ya mti bila kuonyeshwa pa kukanyaga.

Kilichomwokoa kilikuwa kidogo. Mtoto wa jirani, wa darasa la pili, alikuja kuomba asaidiwe hesabu za kukopa. Mwalimu aliyekuwa akiongoza walimu arobaini akainama juu ya daftari lenye kurasa zilizokunjamana. Kesho yake mtoto akaja na mwenzake. Baada ya mwezi mkeka ulikuwa umejaa, na tai ilikuwa imetundikwa kabatini. Hakuna siku hata moja aliyotangaza kwamba ameshuka. Alipapasa kwa mguu, akapata kidato, akahamisha uzito. Leo ukimwita Mzee anaitika kabla hujamaliza, na uso wake umejaa.

Kila mmoja wetu ana mti wake wa kushuka. Mama atashuka kutoka kuwa mwenye kauli ya mwisho jikoni, siku mkwe atakapoingia. Mwanariadha atashuka kutoka kwenye mbio. Kaka mkubwa aliyewasomesha wadogo zake atashuka siku watakapojitegemea na kuacha kumwomba ruhusa. Mwili wenyewe utashuka, kwanza kutoka kwenye kukimbia, halafu kutoka kwenye kutembea bila mkongojo. Na siku ya mwisho, wenzetu watatubeba na kutushusha kaburini taratibu, kwa mikono, kwa sababu hata wakati huo hakuna anayekubali mwanadamu aanguke.

Najua wapo walioanguka kweli, na tafakari hii isiwe mzigo juu yao. Kuteleza si kuanguka, na hata aliyeanguka hajafa. Aliyefukuzwa kazi bila kosa, aliyefilisika, aliyeachwa, huyo hakupewa muda wa kutafuta kidato. Anachohitaji kwetu ni mkono. Asihubiriwe. Na sisi tunaotazama tuwe waangalifu na maneno yetu. Mtu akiacha cheo ili amuuguze mama yake, tusiseme ameanguka. Akiuza gari ili alipe ada za watoto, tusiseme ameporomoka. Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha ya kumtendea haki kila anayekwenda chini, na kumwita aliyeshuka kuwa ameanguka ni kumdhulumu.

Ombi langu kwa wazazi na walimu ni dogo. Mtoto akipanda, mshangilie kama tulivyomshangilia Babu. Lakini usitawanyike akishaangusha nazi. Baki chini ya mti umtazame akirudi. Akikosa na kuomba radhi, mpongeze kama ulivyompongeza alipopata alama za juu. Akiachia uongozi wa darasa zamu ikiisha, mwambie amefanya jambo kubwa. Nawe mwenyewe uliye kitini leo, kitini pa nyumba, pa msikiti, pa kanisa, pa chama au pa nchi, anza kupapasa kwa mguu ukingali na nguvu. Vidato vipo. Ni vilevile ulivyopandia.